Jiwe Halimo Kwenye Orodha

Kwenye mchezo huu kiwanja hakina mwenyekiti wa mtaa,
hakina mashahidi, wala soda za mashahidi.
Unabonyeza, nyasi zinajitandaza
tambarare kama meza ya kupigia pasi,
kijani kibichi hata mwezi wa nane.

Mjomba Lushinge, aliyemwaga zege la nusu ya ngazi za Mabatini,
amevuta kigoda nyuma yangu, saruji bado imemganda kuchani.
"Msingi uko wapi?"
Hauna msingi, Mjomba.
"Na maji ya mvua unayapitisha wapi?"
Huku hakuna mlima. Maji hayaji na mtu wala sufuria ya mtu.
"Nondo?"
Nikatikisa kichwa.
Akanitazama kama nimemwambia
iko nchi watu wake huzaliwa bila kitovu.

Nikamwonyesha ukuta unavyovutwa kwa kidole,
rangi inavyoenea bila kudondokea sakafu.
Nikaweka kochi la dhahabu. Nikalichoka.
Nikalirudisha dukani, wakanipa hela yangu yote.
Hapo akacheka, akapiga goti:
"Duka gani hilo! Makoroboi
ukirudisha shuka unarudishiwa matusi."

Ila alipomwona mwanamke niliyemuumba,
kasimama bafuni, anapunga mikono hewani
kwa sababu nilisahau kumwekea mlango,
kicheko kilikatika.
"Mtoe," akasema. "Mtoe kwanza.
Vigae vitasubiri."

Sikumwambia jina nililompa.
Wala sikumwambia kwamba akishalala
nabomoa jumba zima, ghorofa na bwawa lake,
najenga Igogo.

Chumba kimoja na kipande.
Bati nimelipata, lakini safi mno,
halina vizibo vya soda chini ya misumari.
Pazia la kitenge pahali pa mlango.
Ndoo tatu. Kidirisha
kinachotoa ziwa dogo kama leso
kati ya mapaa mawili ya jirani.

Jiwe, sasa.
Jiwe halimo kwenye orodha.
Viti mia nne vimo, mabeseni ya kuogea
yenye miguu ya simba yamo,
jiwe la kimo cha ng'ombe wawili hakuna aliyelifikiria.
Nyumba yetu ililikuta pale.
Mjomba huyuhuyu, ndevu hazijamtoka,
alijenga kuta tatu akaliachia la nne,
na mama akabandika kalenda juu yake kwa uji wa muhogo,
kila Januari, juu ya ile ya zamani,
mpaka miaka ikawa nene kama godoro la mtoto.

Nimechukua vijiwe vya bustani, vidogo kama vitumbua.
Mia mbili na kumi. Nimevipanga, nimevizungusha,
nimevizamisha sakafuni hadi vikapata kiuno.
Nyanzobe akapita. Akasimama.
Juu ya kichwa chake kikatokea kiwingu cha kijivu:
chumba hiki kinamkera.

Mama, si wewe.
Wewe ulikuwa unarudi saa nne usiku toka Mwaloni
na magamba ya sangara hadi kwenye nyusi,
unavua viatu, unaegemeza kiuno
pale jiwe lilipokuwa limelimeza jua kutwa
na bado halijalitema,
unafumba macho, unasema "wabeja,"
kana kwamba kuna mtu amekusogezea kiti.

Nimetafuta kila kona ya orodha:
taa, mishumaa, meko, tanuri.
Vyote vinawaka. Hakuna chenye vuguvugu.

Umeme umekatika mtaa mzima.
Betri imebaki asilimia tisa, sijahifadhi kazi.
Kompyuta hii ya mtumba feni yake ilikufa zamani,
inaniunguza mapaja.
Nimeizima na Nyanzobe wake na kiwingu chake,
nimeipachika mgongoni, kati yangu na ukuta,
hapa, chini kidogo,
na nimekaa.

Mjomba anakohoa chumba cha pili.
"Umemtoa yule?"